Ubao wa tanga na kaiti kwenye fukwe za Dar: mwongozo kamili kwa anayeanza

Asubuhi moja ya mwezi wa 8 nilitoka ndani kabisa ya ghuba ya Msasani na ubao wa tanga wa kuazima. Maji yalikuwa yametulia. Upepo wa kusi ulipuliza kutoka nyuma yangu, kutoka upande wa mjini, na ubao ukateleza kuelekea kisiwa cha Bongoyo bila mimi kutoka jasho. Nilipogeuka kutazama nilikotoka, nyumba za ufukweni zilikuwa zimekuwa ndogo, mawimbi yameanza kuinuka, na kila nilipojaribu kurudi upepo ulinisukuma mbali zaidi. Maji nayo yalikuwa yanakupwa. Nilikaa juu ya ubao karibu saa nzima, mpaka ngalawa iliyokuwa inakwenda kuvua ikanisogelea. Mzee aliyeshika usukani aliitikia shikamoo yangu, akanirushia kamba, akaniambia: "Mwanangu, umetoka na upepo. Kurudi ulipanga urudi na nini?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo siingii majini kabla sijalijibu swali lile, na yote ninayoandika hapa nimeyapanga kulifuata.

Kwanza, tuelewane maneno

Ubao wa tanga ni ubao mpana wenye mlingoti uliofungwa kwa kiungo kinacholegea pande zote. Hauna usukani. Unauongoza kwa kulalisha tanga mbele au nyuma. Wamarekani wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, walipata hataza yake mwaka 1970, na mchezo ukaingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984.

Kaiti ni ndugu mkubwa wa ile tiara ambayo kila mtoto wa Dar amewahi kuirusha. Nitaiita kaiti ili isichanganywe na ya karatasi. Ni kitambaa chenye bomba la mbele na mbavu zinazojazwa upepo kwa pampu, kinachovuta mtu aliyesimama juu ya ubao mdogo kwa kamba 4 au 5 zenye urefu wa mita 20 hadi 24. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliisajili mwaka 1984. Werevu wao ulikuwa kwenye yale mabomba: kaiti ikianguka majini inaelea, na unaweza kuirusha tena ukiwa hukohuko baharini. Ilifika Olimpiki mwaka 2024, mbio zake zikafanyika Marseille.

Uanze na upi? Kwangu jibu ni ubao wa tanga. Ukizidiwa unaachia mkono, tanga linaanguka majini, nguvu inakwisha palepale. Kaiti iliyokosewa inaweza kumnyanyua mtu na kumbwaga kwenye mawe kabla hajajua kilichotokea. Ukishaujua upepo kwa kutumia tanga, kaiti utaisoma kwa nusu ya taabu. Wapo watakaobisha, hasa vijana waliojifunzia Paje, Unguja, ambako maji ni ya kiunoni kwa eneo kubwa na walimu wamejaa. Lakini hapa ni Dar, na fukwe zetu hazina ulaini wa Paje.

Sharti moja la kabla ya yote: ujue kuogelea. Uweze kuogelea mita 200 baharini bila kusimama, maji yakikupiga usoni. Kama hujafika hapo, anzia hapo.

Ujue upepo kwa majina yake

Wazee wetu wa pwani wamesafiri kwa upepo huu kwa karne nyingi na wameupa majina. Yashike, maana kila jina linabeba mwelekeo na majira.

Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi. Inashika vizuri zaidi Januari na Februari. Kwa anayejifunza Dar, huu ndio msimu. Upepo unatoka baharini kuja nchi kavu kwa mshazari, kwa hiyo ukishindwa unarudishwa ufukweni mwenyewe. Mara nyingi asubuhi unakuwa mchovu, unaamka mnamo saa 5 au saa 6 mchana jua likishaichoma nchi kavu, na unafika kileleni kati ya saa 8 na saa 11 jioni.

Masika, Machi hadi Mei, si wakati wa kujifunza. Upepo unayumba, mawingu meusi yanabeba dhoruba za ghafla, na mito ya mjini inamwaga uchafu baharini. Baada ya mvua kubwa mimi huacha siku 3 au 4 zipite kabla ya kugusa maji karibu na mdomo wa Msimbazi au mto mwingine wowote wa Dar. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu katika majira hayohayo.

Kusi inatoka kusini na kusini mashariki, takriban Juni hadi Septemba. Ina nguvu kuliko kaskazi na bahari inakuwa nzito. Tena mkondo mkuu wa pwani hii unaelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaongeza kasi, kwa hiyo upepo na mkondo vinakuvuta upande mmoja. Kusi ni ya mtu aliyekwisha kukomaa, au ya mwanafunzi mwenye mwalimu na boti pembeni.

Kati ya misimu hii miwili kuna maleleji, siku za upepo mwepesi usio na msimamo. Kaiti hazifai, lakini kwa anayesimama kwenye ubao wa tanga mara ya kwanza ni siku nzuri sana, ilimradi zisiwe za dhoruba za masika. Usizidharau.

Alfajiri na asubuhi mapema kuna umande, upepo mwororo wa baridi unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Wavuvi wanautumia kutokea. Wewe usiutumie, maana nao unakutoa tu; wao wanajua wa kuwarudisha utakuja mchana, na tanga lao wanalimudu.

Sasa vipimo. Programu za simu kama Windguru hutoa kasi kwa noti. Noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia kilomita kwa saa, kwa hiyo nitafuata hizo. Anayeanza ubao wa tanga anatosheka na kilomita 10 hadi 20. Anayejifunza kaiti anahitaji 22 hadi 33. Na ukisikia redioni lile angalizo tulilolizoea, "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2", basi siku hiyo kaa nyumbani.

Wengi hawajui kwamba nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu inaongezeka mara 4. Upepo uliotoka kilomita 28 ukafika 40 umezidisha nguvu mara 2 hivi, wakati macho yako hayaoni tofauti kubwa. Ndiyo maana mtu anatoka akiwa bwana, anarudi akiwa anaburutwa.

Ukiwa huna simu, tazama maji. Povu jeupe likitokea hapa na pale tu, upepo uko chini ya kilomita 20. Povu likienea kila mahali unapoangalia, umevuka 20 na unakaribia 30. Mawimbi yakianza kurusha vumbi la maji, umepita kiwango cha kujifunzia.

Maji: bamvua na maji mafu

Wageni husoma upepo wakasahau maji, na Dar maji ndiyo yanayoamua. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu huzidi mita 3. Palipokuwa na kina cha kukuzidi kimo panageuka mwamba mkavu wa kutembea kwa miguu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti inabaki mita 1 hivi.

Kuna jambo la kushika kichwani hata bila jedwali. Siku za bamvua, Dar maji hujaa mnamo saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hukauka mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu mambo yanageuka: maji yanajaa saa 4 au 5 asubuhi na kupwa alasiri, ila hayakauki sana.

Chukua hesabu hiyo uweke juu ya kaskazi. Kaskazi inashika saa 8 mchana. Siku ya bamvua, saa 8 maji bado yanajaa, na yatafika juu saa 10. Una saa 2 nzuri za upepo wa kutosha, maji yakikusukuma kuja ufukweni, miamba ikiwa imefunikwa. Hizo ndizo saa ninazozisubiri kuliko zote. Lakini kuanzia saa 10 maji yanageuka na kutoka, na yakitoka hayatoki kwa kasi moja: saa ya 3 na ya 4 baada ya kujaa ndizo zinazobeba nusu nzima ya maji yote. Mita 1.5 inaondoka ndani ya saa 2. Wakati huohuo jua linazama, na giza letu haliagi. Mimi saa 11 na nusu jioni niko nchi kavu, hata upepo uwe mtamu kiasi gani.

Ufukwe upi

Coco ndio ufukwe wa kwanza watu wanaoufikiria, kwa sababu upo mjini na upepo unaufikia wazi. Unatazama mashariki, kaskazi inaingia kutoka kushoto kwako na kusi kutoka kulia. Lakini mbele yake kuna mwamba mpana ambao maji yakipwa unajitokeza, mikondo yake imewapeleka wengi, na Jumamosi na Jumapili ufukwe mzima ni watoto, mipira, mihogo na mishikaki. Kamba ya kaiti iliyokazwa inakata ngozi kama wembe. Kurusha kaiti Coco siku ya Jumapili ni kosa kubwa. Ukimwona mtu anafanya hivyo, mwambie. Siku ya kazi, maji yamejaa, kwa mtu mzoefu, panafaa.

Ghuba ya Msasani iko wazi upande wa kaskazini. Wakati wa kaskazi upepo unaingia ndani ya ghuba, kwa hiyo anayejifunza ubao wa tanga anarudishwa. Angalia tu boti zilizotia nanga. Wakati wa kusi upepo unatoka nchi kavu, na yaliyonipata nimekwisha kuyaeleza. Maji yaliyotulia karibu na ufukwe huku upepo ukikupiga mgongoni ni mtego. Yametulia kwa sababu nchi kavu imeyakinga, na ukitoka mita 500 kinga hiyo imekwisha.

Mbezi Beach hadi Kunduchi na Bahari Beach ndiyo sehemu ninayoipenda kwa wanafunzi wakati wa kaskazi. Visiwa vya Mbudya na Pangavini na mafungu ya jirani yanavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika. Ubaya wake ni kuta za mawe zilizojengwa kuzuia bahari isile ufukwe. Zikae demani yako, yaani upande upepo unakokwenda, hata mita 100, bado ni karibu mno kwa mwenye kaiti. Tembea ufukwe wote maji yakiwa yamepwa, uhesabu kuta, uone zinaishia wapi, ndipo urudi siku nyingine maji yakiwa yamejaa. Kunduchi kuna diko la samaki. Ngalawa na mashua zinaingia na kutoka mchana kutwa, na zenye nyavu haziwezi kukukwepa. Njia ni yao. Msalimie mzee unayemkuta pale, mwambie unataka kuingia upande gani, muulize nyavu zimetegwa wapi leo. Mara zote nimejibiwa vizuri, na mara mbili nimekatazwa kwa sababu ambayo nisingeiona mwenyewe.

Kigamboni, kwa kivuko cha Magogoni au kwa daraja la Nyerere, kuna ufukwe mrefu kuanzia Mjimwema kuelekea Gezaulole, watu wachache siku za kazi, mchanga mpana wa kutandazia kaiti. Kwa kaiti, nafasi hiyo ni dhahabu. Bahari yake iko wazi zaidi, mawimbi ni makubwa. Usisogee kwenye mlango wa bandari hata kwa bahati mbaya: ni mwembamba, mkondo wake ni mkali, na meli haina breki.

Ukizidi kuzoea utatamani kwenda Bongoyo au Mbudya kwa tanga. Visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Kuna kiingilio, na hairuhusiwi kukanyaga wala kuvunja matumbawe.

Vifaa, kwa ufupi

Usinunue mwanzoni, kodi au azima kwa anayefundisha. Kwa ubao wa tanga, anayeanza anahitaji ubao mkubwa wenye ujazo wa lita 180 au zaidi, wenye ubao wa kati unaoshuka chini, na tanga dogo la mita za mraba 3 hadi 5. Kwa kaiti, mtu wa kilo 70 kwenye upepo wa kilomita 28 hadi 33 hutumia ya mita za mraba 12 hivi, na upepo ukipanda kufika 40 na zaidi aliyekwisha kukomaa anashuka hadi 9.

Jaketi la kuokolea, helmeti, fulana ya mikono mirefu ya kuzuia jua, viatu vya mpira vilivyobana mguu, na filimbi iliyofungwa kwenye jaketi. Filimbi ni ya bei ndogo na inasikika mbali kuliko sauti yako. Kwa kaiti ongeza kisu kidogo cha kukatia kamba.

Ukinunua kaiti iliyotumika, kagua kifyatuo cha dharura, kile cha kuachia kaiti ikikuzidi, kabla hujatazama rangi ya kitambaa. Kivute mara 10. Kama mara moja kimekwama kwa chumvi au mchanga, achana nayo au ubadilishe sehemu hiyo. Niliwahi kuuziwa kaiti nzuri sana machoni ambayo kifyatuo chake hakikuwa kimeguswa tangu kiundwe. Nilikigundua nikiwa mchangani, nashukuru, na si majini.

Dakika 15 za kutazama

Ukifika ufukweni usifungue mfuko wa vifaa. Kaa chini utazame ngalawa zilizotia nanga. Upepo ukiwa na nguvu, omo ya ngalawa, yaani sehemu yake ya mbele, inaelekea upepo unakotoka. Mkondo ukiwa na nguvu zaidi, inaelekea mkondo unakotoka. Ukiziona zimekaa upande, si huku wala kule, jua upepo na mkondo vinapingana, na huko nje mawimbi yatakuwa mafupi, yamesimama wima. Hakuna programu ya simu itakayokuonyesha hilo.

Kisha tazama minazi, uone upepo unakuja kwa mkupuo au umenyooka. Tazama upeo wa mashariki na kusini kama kuna wingu jeusi lenye mvua chini yake. Wingu hilo likija, upepo hutulia kwanza, kisha hurudi umeongezeka maradufu na umegeuka upande. Ule utulivu ndio ishara ya kutoka majini.

Halafu ujibu swali la yule mzee, kwa sauti. "Nitatoka na kaskazi kwa mshazari, nitarudi nayo kwa mshazari. Ikifa, maji yanajaa, yatanileta. Nikishindwa, nitatokea pale kwenye mitende." Ukikosa jibu la sehemu ya pili au ya tatu, siku hiyo ni ya kula mihogo.

Mwisho, mwachie mtu wa nchi kavu namba ya simu ya mwenye boti na saa utakayorudi.

Ubao wa tanga, hatua kwa hatua

1. Ingia mpaka maji ya kiunoni. Weka ubao ukingamane na upepo, tanga limelala majini upande wa demani. Mgongo wako unapokea upepo.

2. Panda kwa magoti, kisha simama, miguu pande mbili za mlingoti, umekanyaga mstari wa katikati. Shika kamba ya kunyanyulia.

3. Nyoosha mikono, kunja magoti, mgongo wima, ujilaze nyuma taratibu. Hapa ndipo kila mtu anapokosea. Tanga lina maji juu yake, ni zito kama gunia, na mtu anataka kuling'oa kwa mikono na kiuno. Subiri. Uzito wako peke yake unatosha. Utasikia maji yanaanza kuteleza kutoka kwenye kitambaa, kwanza kwa shida, halafu ghafla linakuwa jepesi. Mwanafunzi asiyejua anaendelea kuvuta, anaanguka chali. Wewe mara tu unapohisi wepesi, simama wima na uvute kamba mkono baada ya mkono.

4. Shika mlingoti kwa mikono miwili, mikono imenyooka. Tanga litapepea kama bendera upande wa demani, halikuvuti popote. Kaa hapo hata dakika 5. Hapo ndipo kwako pa kupumzikia. Ukichanganyikiwa wakati wowote, rudi hapo.

5. Sogeza mguu wa nyuma, mguu wa mbele uelekee omo ya ubao. Mkono wa mbele ukamate mti wa kushikia unaozunguka tanga, ulete mlingoti mbele yako mpaka uhisi tanga limekaa sawa, jepesi. Sasa mkono wa nyuma ushike, na uuvute taratibu kama unavyofunga mlango ndani ya nyumba mtoto akiwa amelala. Ubao utaondoka.

6. Ukitaka kupanda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, lalisha mlingoti nyuma. Ukitaka kushuka demani, ulalishe mbele. Ukitaka kusimama, achia mkono wa nyuma.

7. Kugeuka: lalisha tanga nyuma mpaka ubao uelekee upepo, kisha zunguka mlingoti kwa hatua ndogondogo ukipitia mbele, ushike upande wa pili.

Aliyewahi kukaa kwenye ngalawa atatambua kwamba hiki ni kubisha. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Unakwenda kwa mshazari huku, unageuza, unakwenda kwa mshazari kule. Siku ya kwanza usitoke kwenda mbali hata kidogo. Nenda mita 30, geuza, rudi mita 30. Ukiona kila ukirudi unafikia mahali pa chini kuliko ulipoanzia, toka majini, tembea na ubao wako mpaka juu, uanze tena. Siku utakayorudi palepale ulipotokea bila kutembea, hapo ndipo umeanza kujua.

Kaiti: usijifundishe mwenyewe

Nasema hili kwa uzito wote. Tafuta mwalimu mwenye cheti, kwa mfano cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti, na ulipie saa 9 hadi 12 za mafunzo. Dar ukikosa, panda boti uende Paje wiki moja. Ninayoyaandika hapa ni ya kukufanya umwelewe mwalimu, si ya kumkwepa.

Kaiti inaruka ndani ya nusu duara iliyo demani yako. Walimu huitaja kwa mishale ya saa, na hapa Mswahili na mgeni wanaweza kupotezana vibaya: mgeni akisema kumi na mbili ana maana ya juu kichwani, ambayo kwetu ni saa 6. Kubalianeni mapema. Mimi nafundishia saa zetu, kwa sababu zina mantiki: saa 6 ni utosini, kama jua la mchana, saa 3 ni kushoto kabisa, saa 9 ni kulia kabisa. Kaiti ikiwa saa 6 au kwenye kingo zake, saa 3 na saa 9, haina nguvu. Ikipita katikati mbele yako, karibu na maji, ndipo inapovuta kwa nguvu zake zote. Mwanafunzi anatumia siku yake ya kwanza nzima mchangani na kaiti ndogo ya mita za mraba 2 au 3, akijifunza kuipitisha hapo na kuitoa.

Kutandaza. Jaza bomba la mbele mpaka ukiligonga lilie kama ngoma. Ligeuze, mdomo chini, ulielekeze upepo unakotoka, urundike mchanga mwingi juu ya kitambaa. Kaiti isiyo na mchanga inaondoka yenyewe na kuvunja shingo ya mtu. Kisha tembea na kamba, moja kati ya vidole, kutoka kwenye upau, yaani mti unaoushika kuiongozea kaiti, mpaka kwenye kaiti. Vidole vinaona kinachopita macho: fundo dogo, mchanga uliong'ang'ania, mahali kamba imeanza kuchanika. Kamba 2 zilizopishana ndizo zinazofanya kaiti izunguke kama pia ikishapaa. Nikimaliza huzirudia, nikitokea upande wa pili.

Kuirusha. Demani yako pawe wazi zaidi ya mita 100: hakuna mnazi, ukuta, gari, mtoto. Msaidizi ashike bomba la mbele, akae pembeni yako, si mbele, upande wa maji. Jaribu kifyatuo. Mwangalie usoni. Kitambaa kikiacha kupepea na kujikaza, inua dole gumba. Naye aachie, asirushe. Ipandishe polepole, upande wa baharini, na uondoke mchangani mara moja. Wengi wanaoumia wanaumia wakiwa wamesimama nchi kavu wakionyesha.

Majini, kwanza kuvutwa na kaiti bila ubao, mwili umelala, mpaka uweze kurudi ufukweni hivyohivyo. Ubao unafuata baadaye: miguu ndani, magoti yamekunjwa, kaiti inashuka kutoka saa 6 kwenda saa 8 kwa mkupuo mmoja, inakusimamisha. Usikimbilie hatua hii. Anayejua kusimama lakini hajui kujivuta bila ubao ataupoteza ubao siku moja na kubaki anaelea.

Ukiona kaiti imekushinda, mambo ni matatu kwa mpangilio huu: achia upau, isipotosha, vuta kifyatuo, isipotosha, kata kamba ya usalama inayokufunga kwenye kaiti. Kaiti inanunulika tena. Na kamwe usizungushe kamba mkononi. Kidole kinaweza kukatika.

Mambo yakiharibika

Kwenye ubao wa tanga, usiuache ubao. Narudia: usiuache, hata ufukwe uonekane karibu. Ubao unaelea, unaonekana, wewe huonekani. Chomoa tanga, likunje kwenye mlingoti, liweke juu ya ubao, ulale kifudifudi upige makasia kwa mikono ukikata mkondo kwa mshazari. Kwenye kaiti, baada ya kufyatua, ivute kwa kamba moja ukiizungusha kwenye upau, kisha zifuate nyingine, mpaka uifikie. Bomba lake ni boya lako, na ukikamata ncha zake mbili linakuwa tanga la kukurudisha.

Piga filimbi. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, uiinue na kuishusha polepole, mara nyingi. Mvuvi yeyote ataelewa. Aliye nchi kavu apige kwanza kwa mwenye boti, maana ndiye aliye karibu, kisha 112 ya dharura, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Majeraha ya matumbawe yasafishwe kwa maji safi siku hiyohiyo, hata yawe madogo. Ukichomwa na konyeza, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, wala usisugue. Kwenye maji mafupi tembea kwa kuburuta miguu ili samaki taa aliyelala mchangani asikie na aondoke.

Ukitoka majini, vifaa vyote vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kifyatuo kwanza, vikaukie kivulini. Jua la Dar linakula kitambaa kuliko chumvi. Na kabla ya kuviosha, mpigie yule uliyemwachia saa ya kurudi.